Rangi mpya haijawahi kunifurahisha

Mtu akinionyesha nyumba na rangi bado inanukia, swali la kwanza linalonijia kichwani ni hapo chini ya rangi kulikuwa na nini wiki iliyopita. Sio roho mbaya jamani. Ni vile tu rangi ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye nyumba, ukuta ulioliwa na chumvi unasuguliwa na brashi ya waya asubuhi, unapigwa rangi mchana, jioni unang'aa, halafu wewe umeshalipa na umeshahamisha vitu vyako ndo unaanza kuona malengelenge pale chini karibu na sakafu, ukigusa yanapasuka na unga mweupe unamwagika. Ukimpigia simu aliyekuuzia anakwambia hiyo ni hali ya hewa tu, itakaa sawa.

Watu wanajua kuulizia msingi, nondo, tofali, zege limeenda ngapi kwa ngapi. Hata asiyejua chochote kuhusu ujenzi atauliza nondo za milimita ngapi ili tu aonekane anajua. Finishingi, yaani plasta, rangi, marumaru na vya namna hiyo, hakuna anayeiuliza maswali, inaangaliwa tu kama imependeza. Na hiyo finishingi ndo inayozuia maji yasiingie kwenye huo ukuta na hizo nondo ulizokuwa unaziulizia.

Mi sio injinia wala fundi, ila ndugu na marafiki wakitaka kupanga au kununua huwa wananiita twende wote, kwa sababu nagonga gonga kuta na kuinama kwenye kila kona mpaka mwenye nyumba anaanza kuniangalia vibaya. Na kwa nyumba nilizoziona nimefika mahali naamini kwamba ubovu mwingi wa finishingi hautokani na vifaa vya bei rahisi kama watu wanavyodhani, unatokana na haraka. Vifaa vya kawaida vikipewa muda wake vinakaa vizuri tu, na vifaa vya gharama vikikimbizwa vinakuaibisha kabla hata mwaka haujaisha. Mfuko wa simenti ukiibiwa unaweza kuhesabu ukajua. Siku zikiibiwa hakuna anayeziona.

Tuanze na plasta manake ndo kubwa. Simenti haikauki kama nguo kwenye kamba, simenti inakomaa, na ili ikomae inatakiwa ibaki na maji ndani yake kwa siku kadhaa. Ndo maana plasta inamwagiliwa, siku 7 ni kawaida, na penye jua kali na upepo, unaanza kumwagilia mapema na mara nyingi zaidi. Sasa nenda saiti yoyote uulize nani anamwagilia plasta. Zege la nguzo wanamwagilia, la juu wanamwagilia, plasta ikishashika tu fundi kashahamia chumba kingine na hakuna anayerudi na ndoo. Maji yanakimbia, plasta inasinyaa kabla haijapata nguvu, unapata vile vinyufa vyembamba visivyo na mpangilio vilivyosambaa ukuta mzima. Vyenyewe havibomoi nyumba, ila vya upande wa nje vinanywa maji kila mvua ikipiga, na plasta yenyewe inabaki laini, ukipitisha ufunguo inachubuka na kutoa vumbi.

Halafu kuna hili nimelikuta saiti nyingi na huwa linaniuma. Vijana wanakoroga rundo kubwa asubuhi ili wasikoroge tena, fundi anapiga taratibu, mpaka saa sita lile rundo limeshaanza kuwa gumu, basi mtu anachota ndoo ya maji anamwagia juu, anapindua kwa chepe mara mbili tatu, linalainika vizuri kabisa na kazi inaendelea. Kwa macho hakuna tofauti. Lakini simenti ilishaanza kushikana humo ndani na huo mshikano ukishauvunja haurudi, unabaki na mchanga uliochafuliwa na simenti. Mchanganyiko ukishaguswa na maji unatakiwa uishe ndani ya saa moja mpaka mbili, na jua likiwa kali hizo mbili ni nyingi. Kwa hiyo ukuta uleule mmoja una plasta ya asubuhi ambayo ni ngumu na plasta ya mchana ambayo ni dhaifu, halafu skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, inapita juu yake, rangi inapita juu yake, na hapo hata fundi mwenyewe hawezi tena kukuonyesha ipi ni ipi.

Ndo sababu nagonga. Kwa kifundo cha kidole tu au kwa sarafu. Plasta iliyoshika inatoa sauti kavu na fupi, ko ko. Iliyoachia ukuta inatoa bo bo, sauti pana, hata mtu aliyesimama mlangoni anaisikia. Sehemu ninazoanza nazo ni juu ya milango na madirisha na pale nguzo inapokutana na tofali. Zege lina uso laini uliotoka kwenye mbao, mara nyingine mbao zenyewe zilipakwa oili, plasta haina pa kung'ang'ania. Fundi anayejua anaparuza zege kwanza au analirushia simenti na mchanga mzito likawa na mikwaruzo, na pale zege na tofali zinapokutana analaza wavu wa waya kabla ya plasta, kwa sababu hivyo vitu viwili haviendi sawa, jua likipiga kimoja kinatanuka tofauti na kingine. Ukiona ufa mmoja ulionyooka unaotembea juu ya madirisha na kufuata linta, lile zege linalolala juu ya madirisha na milango, mara nyingi ndo hiyo habari, wavu haukuwekwa. Huo hauna haja ya kukukosesha usingizi. Ufa wa kuogopa ni ule unaokatiza ukuta kwa mshazari, upana wake unazidi milimita 5 au unaendelea kukua, na milango ya karibu yake imeanza kugoma kufunga. Huo sio mambo ya plasta tena, tafuta injinia. Kujua kama unakua ni rahisi, weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe pembeni.

Kingine kinachonishangaza ni hii imani kwamba simenti nyingi ndo uimara. Mwenye nyumba anamwambia fundi usininyime simenti, weka ya kutosha. Plasta ya kawaida inachezea ndoo moja ya simenti kwa nne mpaka sita za mchanga na haina haja ya zaidi, ukiizidisha inasinyaa sana, na ikiwa tofali lako ni la kawaida tu basi ile plasta ngumu inalivuta na kulibandua uso. Tabaka la nje halitakiwi kuwa gumu kuliko lililo ndani yake. Na ukuta uliojengwa umepinda haunyooshwi na plasta, hilo nalo. Unene wa kawaida ni milimita 12 mpaka 15, sasa ukuta umelala na fundi anataka unyooke, anajaza sehemu moja milimita 40 kwa mkupuo mmoja, uzito wake wenyewe unaivuta chini kabla haijashika. Ukitaka kujua kama kuna kitu cha namna hiyo pima unene wa ukuta pale mlangoni, juu na chini. Ukipishana sana unajua plasta ilitumika kuficha.

Mchanga nao. Chukua chupa angavu, weka mchanga mpaka nusu hivi, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa sana, iache imetulia kwa muda wa saa tatu. Mchanga unakaa chini na juu yake unakaa udongo laini kwa tabaka lake, utaliona. Tabaka hilo likizidi kama asilimia 8 ya mchanga wenyewe, huo mchanga uoshwe au urudi ulikotoka. Mchanga wa baharini ambao haujaoshwa usiuguse kabisa, chumvi yake inavuta unyevu hewani na ukuta hautakaa ukauke hata ufanyeje.

Haya, tochi. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa ni hiki. Funga mapazia au nenda jioni, washa tochi ya simu, iegemeze ukutani kabisa mwanga ulale sambamba na ukuta, usiimulike kwa mbele. Kila kilichofichwa kinatoa kivuli. Nilienda na shemeji yangu kuangalia nyumba, chumba cha kulala kizuri, ukuta mweupe hauna hata doa. Nikaegemeza tochi, usawa wa kiuno pakatokea umbo la mraba limezama kidogo tu, kingo zake zimenyooka, ungeweza kuzifuata kwa kidole. Nikaweka kiganja, pale palikuwa pa baridi kuliko ukuta wote. Dalali akasema kulikuwa na picha kubwa imetundikwa hapo. Usawa wa kiuno! Tukazunguka upande wa pili, ni bafu, na bomba la bafu liko palepale. Shemeji hakusema kitu, alimuuliza tu dalali kama nyumba nyingine ipo.

Sasa twende kwenye unyevu. Wengi wakiona ukuta umeharibika wanasema ni fangasi, wananunua dawa ya fangasi, wanapaka, baada ya muda tatizo limerudi na wanamlaumu aliyewauzia dawa. Mara nyingi kile kitu cheupe chenye unga au vinyweleo ni chumvi. Maji yanapita kwenye tofali na plasta, yanayeyusha chumvi zilizomo humo, yakifika kwenye uso wa ukuta yanapaa na chumvi inabaki, inaganda, na ikigandia chini ya rangi inaisukuma rangi mpaka inapasuka. Jaribio lake ni dogo sana, kwangua kidogo uweke kwenye maji, chumvi inayeyuka. Fangasi wenyewe haswa mara nyingi wana weusi au kijani, wananuka, hawayeyuki, na wanapenda kona zisizo na hewa na nyuma ya makabati. Chumvi haiuliwi na dawa, itaendelea kutoka mradi maji yanaendelea kupita.

Na maji yanapita wapi. Ukiona uharibifu uko chini, kuanzia sakafuni mpaka kama mita moja hivi kwenda juu, na unazunguka kuta zaidi ya moja, hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Juu ya msingi inatakiwa kulazwa ile plastiki nzito ya kuzuia unyevu, DPC, na kuna nyumba haikuwekwa au iliwekwa ikachanika. Ila kuna nyumba DPC ipo na nzima kabisa na bado unyevu unapanda, na hapa ndo finishingi inaingia. Plasta ya nje imeshushwa mpaka ardhini, imepita juu ya DPC, kwa hiyo maji yanaipanda plasta yenyewe yanairuka ile plastiki. Au mwenye nyumba kaweka pevingi nzuri, yale matofali ya kulaza chini uani, kuzunguka nyumba na kaiinua mpaka ikafunika usawa wa DPC. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya DPC kwa kama milimita 150. Nimeona nyumba imeharibiwa na pevingi, imependeza nje, ndani ukuta unabanduka.

Kama huna uhakika ni maji ya ukutani au ni mvuke wa ndani tu unagandia ukutani, chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani na gundi ya karatasi pande zote nne kisipitishe hewa, kiache siku nzima mpaka ya pili. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta. Yakiwa juu ya nailoni upande wa chumba ni hewa yako ya ndani ina mvuke mwingi na ukuta ni wa baridi, fungua madirisha, sogeza kabati mbali na ukuta. Jaribio la bure na linakuokoa usibomoe ukuta ambao hauna kosa.

Bafu sasa. Hapa nitakaa kidogo manake nyumba nyingi zinaozea hapa, na bafu ndo linaongoza kwa kupendeza siku ya kwanza.

Watu wengi wanaamini marumaru zinazuia maji. Marumaru yenyewe ndiyo, zile ngumu za poseleni zinanyonya asilimia 0.5 tu au chini ya hapo. Lakini kati ya marumaru na marumaru kuna grauti, ile ya kujazia mianya, na grauti ya kawaida ya simenti inapitisha maji, taratibu lakini inapitisha, kila siku ukioga. Kinachozuia maji ni kile kinachopakwa chini ya marumaru, dawa ya kuzuia maji inayopakwa sakafuni na kupandishwa ukutani, na kwenye kona za sakafu na ukuta inawekewa utepe au kitambaa maalum kwa sababu kona ndo zinachanika kwanza. Ikishafunikwa na marumaru haionekani tena. Kwa hiyo ndo kitu cha kwanza kurukwa, na ikirukwa hutajua mpaka chumba cha pili kianze kunuka.

Nilishawahi kupanga nyumba yenye bafu zuri sana, marumaru mpaka juu, na kulikuwa na harufu ya tope ambayo haikutoka kwa dawa wala kwa kusugua. Marumaru moja karibu na bomba ilikuwa inalia bo. Siku fundi wa mwenye nyumba alipokuja kuitoa aliichokonoa kidogo tu na bisibisi ikatoka nzima, bila kuvunjika, na nyuma yake ilikuwa safi. Yani safi ya kusoma maandishi ya kiwandani. Simenti ilibaki ukutani kwa madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, na kati ya madonge kulikuwa na nafasi ya kuingiza kidole, humo ndani kumejaa maji meusi mazito ambayo yalishuka taratibu ukutani yakaenda sakafuni, na ile harufu ikajaa nyumba nzima. Maji ya miezi na miezi yamekaa nyuma ya ukuta mzuri. Fundi akasema tu, walipiga madonge hawa.

Madonge yanapendwa kwa sababu yanaenda haraka, na marumaru inanyooka kirahisi hata kama ukuta haujanyooka. Lakini kila uwazi nyuma ni mahali pa maji kukaa, na kila kona isiyo na kitu nyuma ni mahali pa kuvunjikia ukidondosha kitu. Viwango vya kazi hiyo vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa marumaru sehemu kavu, na asilimia 95 sehemu za maji. Kuhakikisha sio ngumu, wakati fundi anabandika mwambie abandue moja aliyoiweka sasa hivi, igeuze, uangalie mgongo. Atanuna kidogo. Abandue tu. Na hizo poseleni ambazo hazinyonyi, simenti tupu haizishiki vizuri hata uzilowanishe kutwa nzima, zinataka gundi yake.

Dawa ya kuzuia maji ikishapakwa na kukauka, kabla fundi hajabandika chochote, ziba tundu la maji la bafu, jaza maji sakafuni sentimita mbili tatu, weka alama usawa wa maji na uache saa 24. Kisha angalia chumba cha chini kama ni ghorofa, angalia ukuta wa pili, angalia kama maji yameshuka. Siku moja tu. Nimesikia mafundi wakisema hakuna muda wa hiyo, halafu haohao wanakuja kubomoa bafu zima baadae na hiyo kazi wanaipatia muda vizuri tu. Mteremko nao uangalie mapema, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, mwaga kikombe cha maji kona ya mbali na uone kinaenda wapi. Yakibaki yametulia kwenye kona, yatabaki hapo maisha yote ya nyumba hiyo.

Marumaru za sakafu sebuleni zina ugonjwa wake mwingine. Unakuta siku moja umekaa, unasikia mlipuko, ukiangalia marumaru mbili zimeinuka zimetengeneza paa katikati ya sebule. Watu wanatafuta mchawi. Marumaru zilibandikwa zikabanwa ukuta kwa ukuta bila nafasi, au sakafu chini yake ilikuwa bado mbichi na inaendelea kusinyaa, basi hakuna pa kutanukia isipokuwa juu. Pembeni kote zinatakiwa kuachiwa nafasi ya kama milimita 5 au zaidi, inafichwa na zile za pembeni za ukutani, haionekani kabisa. Na ile zege laini ya kusawazishia sakafu inakauka kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, hiyo ikiwa hewa ni nzuri, kwa hiyo ya milimita 50 inataka karibu miezi miwili kabla hujaweka kitu kisichopitisha unyevu juu yake, hasa mbao au kapeti la plastiki. Miezi miwili! Nikisema hivyo watu wanacheka.

Rangi yenyewe nimeisema mwanzoni lakini kuna jambo la kuongeza. Plasta mpya ni kali, yaani ina magadi makali, pH yake inaenda 12 mpaka 13, na rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo pamoja na unyevu inageuka sabuni kabisa, inakuwa laini, inanata, inabanduka kwa vipande. Wiki nne ndo muda ambao plasta inapewa kabla ya rangi ya mafuta, na ukuta uwe umekauka kweli. Ukilazimika kuingia mapema tumia rangi ya maji inayopumua, rangi ya mafuta ije baadae. Skimu nayo kama ni ya jipsamu isiwekwe nje wala bafuni, ikilowana mara kwa mara inarudi kuwa uji. Huu nimeuona mara nyingi sana, ukuta wa nje umepigwa skimu ya ndani ili ulainike kwa bei rahisi, mvua za msimu wa kwanza tu unavua ngozi.

Vingine vidogo vidogo navipitia haraka. Kwenye dari angalia duara la njano hata kama limepakwa rangi, doa la maji linapenya rangi ya kawaida na kurudi. Milango ya mbao zilizobanwa, angalia chini kabisa, kama ule ukingo wa chini haukupakwa rangi unavuta maji na kufura. Dirishani kizingiti cha nje kiteremke kwenda nje na kiwe na mfereji mdogo kwa chini ili maji yadondoke, bila huo yanarudi yakitambaa mpaka ukutani. Silikoni kwenye kona za bafu badala ya grauti, grauti kwenye kona itapasuka tu. Ufa mwembamba ulionyooka kuanzia kwenye swichi kwenda juu ni bomba la umeme lililochimbiwa juu juu, plasta yake ni nyembamba, ni wa kuudhi zaidi kuliko wa hatari. Lakini ujue nyaya zinapita hapo kabla hujapiga msumari.

Sasa ukishagundua tatizo nyumba ni yako na umeshaingia, usianze na rangi na usianze kabisa na kubandika marumaru ukutani ili kuficha unyevu. Hilo la marumaru naliona sana siku hizi, chini ya ukuta kumeliwa basi mtu anabandika marumaru mita moja kuzunguka chumba. Maji hayana pa kutokea tena, yanapanda juu ya marumaru yanatokea mita moja na nusu. Tafuta chanzo cha maji kwanza, kizibe. Kisha toa plasta iliyoharibika mpaka kwenye tofali na upite kama sentimita 30 zaidi ya unapoona mwisho wa ubovu, manake chumvi imeshatembea zaidi ya macho yako. Uache ukuta wazi ukauke, wiki kadhaa, utakuwa mbaya na wageni watauliza, uache hivyohivyo. Chumvi inayotoka ifagie kwa brashi kavu, ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Ndo upige plasta mpya. Na kitu kilicholowana ghafla, bomba limepasuka labda, bodi za jipsamu na mbao zikaushwe ndani ya saa 24 mpaka 48, zikipita hapo fangasi wanaanza makao.

Kwa anayejenga sasa hivi, mpangilie fundi malipo kwa hatua na hatua ziwe za vitu vinavyopimika, sio asilimia za kazi. Plasta imemwagiliwa siku 7 na ukigonga hailii bo bo, lipa. Bafu limejazwa maji siku nzima halijavuja, lipa, ndo marumaru zianze. Fundi akijua kwamba siku za kusubiri zimehesabiwa na hazimkatii hela yake hana sababu ya kukimbia, wengi wanakimbia kwa sababu kila siku anayosubiri ni siku ambayo halipwi, na hapo kosa sio lake peke yake.

Na piga picha. Kabla plasta haijafunika, kila ukuta wenye bomba la maji au umeme, weka futi ya kupimia ionekane kwenye picha ujue bomba liko umbali gani kutoka kona. Marumaru zikibaki usigawe wala usiuze, weka boksi moja zima ndani, na ile lebo ya boksi yenye namba ya toleo usiitupe, kwa sababu toleo jingine la marumaru hiyohiyo linaweza kuja na rangi imepishana kidogo, na siku ukibandua moja kutafuta bomba utaona ilivyo kazi kupata ya kufanana.